Jiko banifu la kuni lenye chimni: maoni yangu baada ya baridi ya Kasulu

Watu wa Kigoma mjini ukiwaambia unatafuta jiko la kupasha nyumba joto wanakucheka, na siwalaumu, wao wako pale chini kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, usiku wanalala madirisha wazi. Sasa panda huku Kasulu, au nenda Buhigwe kule Manyovu mwezi wa sita na wa saba uone, alfajiri sakafu ya sementi haikanyagiki bila ndala na wazee hawatoki kitandani mpaka jua lipande. Ndo maana jiko banifu, yaani la kubania kuni, nalipima kwa vitu viwili, kupika na joto la nyumba, maana mafundi wengi wakikuuzia watakwambia habari za kupika tu, ooh linakula kuni kidogo, ooh sufuria mbili kwa mpigo, la joto hawaligusi kabisa.

Lenyewe ni jiko la kujengea, sio la kubeba. Kazi ya fundi 90,000, tofali za kuchoma nilikuwa nazo, udongo wa kichuguu vijana walichimba shambani, ukachanganywa na majivu, kilichonunuliwa ni sementi ya chimni, vipande vya nondo vya mdomoni na kofia ya bati ya kuzuia mvua. Matundu mawili ya sufuria, moja nyuma ya lingine, moto unawaka la mbele, moshi wa moto unapita chini ya la nyuma ndo unapanda kwenye chimni. La nyuma usilitegemee kwa ugali, ni la maji ya kuoga na kuhifadhi mboga ya moto, basi.

Kitu fundi alichonifurahisha ni pale alipoliweka. Jikoni kwetu kumeunganishwa na nyumba, akazunguka akagonga kuta akaniuliza nyuma ya huu kuna nini, nikamwambia chumba cha mama mkwe. Akasema "basi mama, hapa hapa", akaliegemeza jiko kwenye ule ukuta na chimni ikapanda nao. Tofali na udongo ni vizito, vinachelewa kupata moto lakini vikishaupata vinakaa nao, ukipika maharage jioni ule ukuta upande wa pili unaendelea kutoa joto mpaka usiku watu wameshalala. Siku ya kwanza mama mkwe aliupapasa akasema "mwenzenu huu ukuta leo una homa", na tangu hapo kahamishia kitanda huko, nguo za mjukuu zinaanikwa huko, kiti chake cha kupurulia mahindi kiko huko. Lile jiko la bati jembamba ambalo watu wanapenda kwa sababu linawaka haraka huwezi kupata hii, linapata moto upesi na likizimwa limeshapoa.

Alaf alituzuia kuliwasha. Likauke kwanza kabisa, alaf ianze mioto midogo midogo, ukilipiga moto mkubwa likiwa bichi maji yaliyomo kwenye udongo yanatoka kwa nguvu linapasuka. Letu lina nyufa mbili za nywele mdomoni, nazikandika na udongo ule ule, sio kesi.

Sasa malalamiko, na hapa ndo pa kusoma vizuri kama unataka kujenga. Chimni aliyotuachia mwanzoni ilitokeza juu ya bati kidogo tu, iko chini ya kilele cha paa. Nje kukiwa kumetulia hamna shida, upepo ukivuma jioni unagonga paa unashuka na kurudisha moshi wote ndani, tunakohoa macho mekundu kama enzi za mafiga matatu, sasa hela nimelipia nini? Kumpata arudi ilikuwa simu haipokelewi, mara yuko msibani, mara yuko Makere. Alivyokuja akaongeza tofali ikapita kilele kwa zaidi ya nusu mita na ule moshi ukaisha. Hewa ya moto ndo inavuta, kadiri chimni inavyokuwa ndefu na ya moto ndo inavuta zaidi, kwa hiyo ukibania tofali tano za juu jiko zima limeharibika. Mi naona unamlipa fundi chimni, hilo jiko la chini hata jirani anaweza kukukandikia. Kagua pia inapopita kwenye dari, papi na kenchi, zile mbao za paa, zisiiguse kabisa, kwetu alikuwa ameacha papi moja imeegemea, nikamwambia aikate palepale kabla hajashuka.

Kuni. Mtu asikudanganye kwamba jiko banifu linaunguza chochote. Mti uliokatwa jana karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, moto wako unaanza kuchemsha hayo maji kwanza ndo ufikirie sufuria yako, na moshi wake mzito ukifika juu kwenye chimni ya baridi unaganda weusi unaonata, ukijaa siku moja unashika moto humo humo ndani. Sisi tunapasua mapema kiangazi kikianza, tunapanga upenuni upepo upite, mkaratusi uliopasuliwa vipande vyembamba, zinakaa mpaka msimu unaofuata. Kujua imekauka gonganisha vipande viwili, kikavu kinalia ko! kibichi kinatoa sauti iliyoziba, na ukikiweka motoni kinatoa povu kwenye ncha huku kikilia chiii. Kuwashia tunatumia magunzi. Paina mi siipendi, inawaka vizuri lakini masizi yake hayana adabu.

Je kuni zimepungua? Zimepungua, nakubali, mafiga matatu joto kubwa lilikuwa linakwenda pembeni bure. Ila mdomo wake mdogo, inabidi kuni zikatwe fupi na ukae karibu ulishe kidogo kidogo, ukizoea kusukumiza gogo moja uende shamba sahau. Na matundu yamekatwa kwa saizi ya sufuria zetu, mgeni akija na sufuria yenye kitako kidogo moshi unatokea pembeni, shughuli ikiwa kubwa tunarudi nje kwenye mafiga tu.

Kuna watu wataniambia tumia gesi, serikali imeweka mkakati wa 2024 mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Gesi ninayo, mtungi wa kilo 6, chai na mayai ya watoto wa shule hapo hamna mpinzani. Lakini maharage ya huku ukiyabandika kwenye gesi utaona mtungi unavyokwisha, na mtungi haukupashii ukuta wa bibi.

Jambo moja naomba mlielewe hata kama hamjengi. Msiingize jiko la mkaa chumbani usiku mkafunga mlango na dirisha ili mpate joto. Mkaa unaoonekana hauna moshi unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu anasinzia tu haamki, tumeshasikia misiba ya namna hiyo nchi hii si mara moja. Hata hili langu, fundi alitaka kuweka kibati cha kuziba chimni usiku ili joto lisitoke, nilikataa, makaa yakiwa bado yanawaka ukaziba juu ile hewa inarudi ndani kwa waliolala. Na dirisha dogo la juu jikoni halizibwi na gunia, baridi iwe baridi.

Usafi wake ni kuzoa majivu asubuhi yakiwa yamepoa, na masizi ya chimni tunashusha kwa kamba yenye tawi la majani magumu, mtu mmoja juu ya paa mmoja chini na beseni, utatoka mweusi, vaa nguo za shamba.

Jiko nalipatia nyota nne kati ya tano, ile moja nimeitoa kwa kuzungushwa na fundi. Ukimtafuta wa kwako nenda kwanza kwenye nyumba aliyojenga mwaka jana, jioni upepo ukivuma, usimame jikoni kwao wakati wanapika. Na umwite kiangazi, mvua za mwezi wa kumi na moja zikishaanza udongo haukauki na yeye mwenyewe atakuwa shambani kwake.