Umefutwa kazi Riyadh: udai kule au Nairobi?

Ukidai kule kule, mwajiri yuko karibu na mashahidi hawajatawanyika. Lakini kesi huendeshwa kwa Kiarabu, na huenda pasipoti yako anayo yeye. Usiku utalala wapi?

Nairobi kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, pale Milimani, na anayefikika hapa aghalabu ni wakala aliyekupeleka. Mimi ningeegemea huku. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi, na mwajiri wa nje aweke dhamana kwamba atatimiza mkataba. Hiyo dhamana ndiyo ya kuulizia kwanza! Muda wa kudai ni miaka 3. Shida ni ushahidi: piga picha mkataba na jumbe za benki kabla ya kupanda ndege.