Dell OptiPlex 9020 ya mtumba kama kompyuta ya gemu: chukua mnara, na wati 75 zikutoshe

Ofisi za Ulaya na Marekani zikibadilisha kompyuta, zile za zamani huishia kwenye makontena, na nyingi hatimaye husimama kwenye rafu za Kariakoo na za katikati ya Nairobi. Dell OptiPlex 9020 imo katika mzigo huo. Ni mashine ya ofisi ya mwaka 2013, ngumu, isiyo na urembo wowote, na kwa anayetaka kucheza gemu kwa pesa ndogo ni chaguo zuri kwa sharti moja: ukubali mipaka ya pawa saplai yake, yaani kifaa cha ndani kinachogawa umeme. Wengi wanaoilaani mashine hii walijaribu kuibebesha kadi ambayo haikuumbwa kuibeba.

Anza na umbo, maana jina 9020 liko kwenye makasha ya aina kadhaa. Unalolitaka ni mnara, yaani MT. Una nafasi ya kadi ya picha ya kimo cha kawaida, sloti 4 za RAM na pawa saplai ya wati 290. Lile kasha jembamba, SFF, lina wati 255 na linakubali kadi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na kwa kawaida bei yake iko juu kuliko ya kadi za kawaida zenye nguvu ileile. USFF na Micro hazina kabisa sloti ya kadi ya picha. Hizo waachie wahasibu. Muuzaji akisema “CPU” huwa ana maana ya kasha zima, kwa hiyo ukitaka kujua prosesa, uliza jina lake kamili.

Prosesa zinazokuja humo ni za kizazi cha 4 cha Intel. i5-4590 ina viini 4 na hufika 3.7 GHz, i7-4790 ina viini 4 na nyuzi 8 (threads, yaani kazi 8 kwa mpigo), hufika 4.0 GHz. Kwa gemu za zamani tofauti yake huioni. Kwa gemu mpya zinazotumia nyuzi nyingi, i5 hufika asilimia 100 na picha huanza kukwamakwama hata kama wastani wa fremu (picha kwa sekunde) unaonekana mzuri. i7 hupunguza mikwamo hiyo. Kama nyongeza ya bei ni ndogo, chukua i7 mapema, kwani kuja kuitafuta peke yake baadaye mara nyingi hugharimu zaidi. Usishawishike kushuka hadi OptiPlex 7010 au 790 kwa sababu ya unafuu: prosesa za kizazi cha 2 na cha 3 hazina maagizo ya AVX2 (amri za hesabu za ndani ya prosesa), na zipo gemu ambazo bila hayo hazifunguki, hata uweke kadi gani.

Dukani, omba iwashwe mbele yako na ubonyeze F2 mara tu nembo ya Dell inapotokea. Ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, angalia mambo matatu. Kwanza, kama inadai nenosiri. Ofisi nyingi huziuza mashine bila kuliondoa. Kwenye ubao mama kuna jampa (kifuniko kidogo cha pini) iliyoandikwa PSWD inayolifuta, lakini hiyo ni kazi ya muuzaji, ifanyike kabla hujatoa pesa. Pili, sehemu ya Computrace, mfumo wa kufuatilia kompyuta iliyoibwa. Ikiwa imewashwa, haizimiki tena, na huenda mashine bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa awali, iache. Tatu, kiasi cha RAM na jina la prosesa vilingane na ulichoambiwa. Ujumbe kwamba saa haijawekwa usikutishe: ni betri ya CR2032 iliyokufa, inauzwa kila mahali.

Geuza kasha utazame nyuma. Pawa saplai ina kitufe kidogo cha kujipima na taa pembeni yake. Chomeka waya wa umeme, bonyeza. Taa isipowaka, pawa saplai ina hitilafu. Soma pia lebo ya volti, uhakikishe inakubali umeme wa kwenu.

Sasa maboresho, na mpangilio wake ni muhimu. Weka kitu kimoja, washa, hakikisha inafanya kazi, ndipo uweke kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na skrini ikabaki nyeusi, hujui umlaumu nani.

RAM ni DDR3 ya 1600 MHz, moduli za kompyuta za mezani zisizo na ECC (urekebishaji wa makosa wa RAM za seva). Usilipie 1866 au zaidi, kwa sababu ubao wenye chipseti ya Q87 haukupi njia ya kuipandisha kasi. Moduli za seva, zile zenye alama ya R baada ya namba ya kasi, huuzwa rahisi sana na hazitawaka humu. Lengo ni GB 16, kwa moduli mbili za GB 8, zikiwa kwenye sloti mbili zenye vishikio vyeupe ili chaneli zote mbili zifanye kazi. Moduli moja ya GB 16 ya DDR3 usiihangaikie. Mashine nyingi huuzwa na moduli moja ya GB 4 au GB 8, na hiyo chaneli moja pekee huzifanya gemu zigandegande kuliko mtu anavyodhani.

SSD iwe ya SATA, inchi 2.5. Mashine haikutengenezwa kuwaka kutoka NVMe, aina ya SSD mpya na ya kasi zaidi, na mbinu za kuilazimisha hazina faida kwa gemu za kiwango hiki. GB 240 inajaa haraka: GTA V peke yake inakula zaidi ya GB 100 ikiwa na nyongeza zake. Anza na GB 480 au 500, na ile diski ya kuzunguka iliyokuja na mashine ibaki ya kuhifadhia video na gemu usizozicheza. Ukinunua SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ilizofanya kazi na afya yake. H2testw itakuambia kama ukubwa ulioandikwa juu ni wa kweli.

Halafu kadi ya picha, ambapo ndipo pesa nyingi hupotea. Pawa saplai ya 9020 si ya kawaida. Inaingia kwenye ubao mama kwa plagi ya pini 8, si 24, haina waya wa pini 6 wa kulisha kadi, na umeme wa diski hautoki kwake moja kwa moja bali hupitia kwenye ubao mama. Kwa hiyo kadi inategemea sloti peke yake, na sloti hutoa wati 75, basi. Adapta inayochukua umeme wa SATA na kuupeleka kwenye pini 6 ni hatari kwenye kompyuta yoyote. Kwenye hii unaupitisha mzigo huo katika nyaya nyembamba za ubao mama zilizotengenezwa kwa ajili ya diski. Plagi huyeyuka. Kubadilisha pawa saplai nzima kunawezekana kwa adapta ya pini 24 kwenda 8 iliyotengenezwa kwa modeli hii, lakini ukishanunua pawa saplai nzuri, adapta na kadi kubwa, umelipa pesa ya msingi mpya huku ukibaki na prosesa ya mwaka 2014.

Ndani ya wati 75 kuna chaguo tatu za maana. GTX 1050 Ti ya GB 4 ndiyo ya bei ya chini, lakini NVIDIA ilisitisha draiva mpya za gemu (programu za kuendeshea kadi) kwa kizazi chake mwezi Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. GTX 1650 ni bora kwa kila hali na draiva zake bado zinaendelea. Hakikisha ni ile isiyo na tundu la pini 6, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliliweka, na GTX 1650 Super inalihitaji bila mjadala. Ya juu kabisa ni RTX 3050 ya GB 6, ya wati 70, iliyotoka Februari 2024. Hapo soma boksi mara mbili: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine, inakula wati 130 na inataka umeme wa ziada. RX 6400 inaingia pia, ila inatumia njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na ubao) na sloti hii ni ya kizazi cha 3, kwa hiyo kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa inaanguka vibaya. Vilevile haina kisimbaji cha video, kwa hiyo anayerekodi au kurusha gemu mubashara aipite.

Jihadhari na 1050 Ti feki. Ni kadi za zamani za GTS 450 au GTX 550 Ti zilizobadilishwa jina ndani. Dalili ya haraka ni tundu la VGA: 1050 Ti halisi haitoi VGA. Programu ya GPU-Z itamaliza ubishi, kwa kuwa huandika FAKE mbele ya jina. Ipakie kwenye flashi uende nayo dukani.

Kabla ya kuichomeka kadi, sasisha BIOS kwa faili la tovuti ya Dell linalolingana na modeli yako, ukiifungulia ndani ya Windows. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao unaweza kufa, kwa hiyo UPS ni lazima hapo. Kisha zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili kumaliza chaji iliyobaki, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Kadi inaingia kwenye sloti ya bluu. Ile nyeusi iliyo na urefu sawa ni ya njia 4, na watu huiweka humo kisha wakashangaa fremu zimekwenda wapi. Chagua kadi fupi ya feni moja, isigombane na diski. Monita nayo ihamie kwenye kadi. Ukiacha kebo kwenye ubao mama utaona giza na kudhani umeharibu. Ikiwa monita yako ina VGA pekee, utahitaji adapta yenye chipu ya kugeuza mawimbi, kwani kigeuzi kitupu cha plastiki hakifanyi kitu.

Skrini ikibaki nyeusi ingawa feni ya kadi inazunguka, rudi kwenye picha ya ubao mama bila kadi, ingia BIOS, uhakikishe kuwaka kwake ni kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, ndipo ujaribu tena. Taa ya kuwashia ikipepesa rangi ya chungwa, chomoa kadi na RAM, uviketishe upya. Ujumbe kuhusu feni iliyofeli hutokea ukibadilisha feni ya Dell kwa ya kawaida: plagi yao ni ya pini 5. Unaweza kubonyeza F1 kila ukiwasha, lakini kwa nini ujitese? Rudisha feni ile ile, haina kelele kubwa.

Joto ndilo adui wa kudumu, hasa kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga. Pesti ya joto iliyopakwa kiwandani sasa ni unga. Legeza skrubu 4 za kipozeo kwa kuvuka pembe hadi pembe, futa vumbi na pesti ya zamani kwa spiriti, weka tone la pesti mpya la ukubwa wa punje ya choroko katikati, kaza tena kwa mpangilio uleule. Usiitoe prosesa kama huna sababu. Pini ziko kwenye soketi ya ubao na zinapinda kwa urahisi. Wakati wa gemu, prosesa ikikaa kati ya nyuzijoto 65 na 80 za Selsiasi ni sawa. Ikigusa 90, kipozeo hakijakaa vizuri au njia ya hewa imeziba.

Ukiwa na i5-4590, GB 16 na GTX 1650, GTA V kwa 1080p inakwenda fremu 60 na zaidi ukiweka mipangilio ya juu ya wastani, na gemu za mpira za miaka michache iliyopita hazikupi shida. Kwenye Counter-Strike 2 (CS2), prosesa ndiyo inayokuzuia, si kadi: kupunguza ubora wa picha hakukuongezei kitu kikubwa. Gemu kubwa za ulimwengu wazi za miaka hii ya karibuni tegemea fremu 30 hadi 40 kwa mipangilio ya chini, pamoja na mikwamo. Kwa kucheza mtandaoni tumia kebo ya mtandao. Mashine haina Wi-Fi na vidude vya USB vya bei rahisi vinachelewesha.

Ubovu mkubwa wa 9020 hautibiki kwa kipuri. Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha 4, na TPM (chipu ya usalama) iliyomo ni 1.2. Battlefield 6 inadai TPM 2.0, kwa hiyo humu haifunguki. Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inadai hivyohivyo, na Windows 10 Microsoft ilishaacha kuihudumia kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

Ndiyo maana, kabla ya kulipa, uliza bei ya OptiPlex 7060 ya mnara. Ni ya mwaka 2018, inakuja na i5-8500 ya viini 6, RAM ya DDR4, nafasi ya NVMe na TPM 2.0, na Windows 11 inaikubali. Kanuni ya wati 75 ni ileile, kwa hiyo kadi uliyoichagua kwa ajili ya 9020 itaingia humo bila kubadilisha chochote. Tofauti ya bei ikiwa ni sawa na ya SSD moja, ongeza uichukue. Ikiwa ni sawa na kadi nzima ya picha, 9020 bado inastahili.