Digrii ya onlaini nikiwa Busia, uzoefu wangu

Walimu wengi wananiuliza kama hii digrii ya elimu ya onlaini inafaa ama ni kula pesa za watu tu, basi acha niandike mara moja. Mimi nilisoma chuo kimoja cha binafsi cha Kampala na nimeshamaliza.

Kwanza ieleweke kwa nini niliingia. Nafundisha praimari hapa Busia upande wa Uganda, nilikuwa na diploma, na tangu itoke ile sera ya walimu ya 2019 kila mwalimu anajua digrii si urembo tena, serikali inataka sote tuwe nayo hata wa P.1, yaani darasa la kwanza. Sasa mama mwenye watoto nyumbani na mshahara wa praimari ataenda kukaa Kampala miaka mitatu aje? Walionitangulia walisoma ile ya likizo, shule zikifungwa tu wao wanabeba godoro wanaenda hosteli, shamba linabaki na nani sijui. Mimi nilikuwa natoka shule, naweka posho (ugali) mezani, naingia Zoom. Bila onlaini nisingesoma, hilo sibishani na mtu.

Lakini jamani bando! Hapo ndipo pesa inapotelea. Ada yenyewe ilikuwa sawa na ya wanaokaa kampasi, halafu wewe juu yake unaongeza intaneti, na kipindi kimoja cha Zoom chenye video kinakula bando mpaka unazima kamera unabaki kusikiliza tu kama redio. Zamani tulikuwa tunalipa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya WhatsApp na Facebook, ikatolewa Julai 2021 wakaleta ya asilimia 12 kwenye data. Sheria inasema data ya elimu haimo kwenye hiyo kodi, sawa, lakini mimi bando langu nanunua dukani kama mtu yeyote, itajuaje saa hii naangalia lekcha ama naangalia harusi ya watu TikTok?

Na sisi wa mpakani tuna shida yetu, simu inaruka yenyewe inashika mtandao wa Kenya katikati ya kipindi, roaming inafagia salio lote. Ingia kwa setingi, toa ile ya kuchagua mtandao otomatiki, chagua wako mwenyewe. Nakwambia bure hiyo.

Mfumo wao wa masomo ni Moodle, ile tovuti wanapoweka notisi na asaimenti, kwa simu unafunguka vizuri tu, kusoma notisi hakuna neno. Kazi ni kuandika asaimenti ndefu kwa simu, vidole vinauma na meza za takwimu zinavurugika zote, kwa hiyo kama huna laptopu tafuta ya kuazima kabla hujalipa chochote. Tulikuwa na mwenzetu wa Moroto, mtu mwerevu kutuzidi wengi, kwake video zilikuwa hazifunguki kabisa, tunamtumia notisi kwa WhatsApp, semista ya pili hatukumwona tena. Ada alikuwa amelipa. Ndiyo maana hawa wanaosema onlaini imefungulia kila mtu mlango wa chuo kikuu mimi nawaangalia tu, kuingia tuliingia wengi kweli, waliofika mwisho ni wenye netiweki na umeme.

Kitu kilichoniudhi kabisa ni mitihani. Masomo onlaini, mtihani Kampala! Ratiba inatoka siku chache kabla, unaanza kumbembeleza hedimasta akupe ruhusa, unapanda taksi kama kilomita 200, unatafuta pa kulala, na pepa ya pili iko baada ya siku tatu. Ningeweza kusamehe yote lakini hiyo hapana.

Walimu wenyewe walikuwa wazuri, wengi wanajibu meseji hata usiku, na cheti changu hakuna aliyekitilia shaka. Ila kabla ya kujiunga angalia kama kozi yenyewe imeidhinishwa na NCHE, lile baraza la serikali la elimu ya juu, na ithibati haijapita muda, mnakumbuka kelele za 2023 kozi nyingi za vyuo zilipokutwa ithibati yake imeisha. Usiangalie jina la chuo tu, angalia kozi.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Na ukipiga simu kuuliza, usianze na ada, anza na mtihani unafanyiwa wapi. Wakikwambia Mbale, mji ulio karibu nasi, jaza fomu. Wakikwambia Kampala tu, piga hesabu ya nauli na malazi ya semista zote kwanza ndio uamue.