Kamera inapiga poa lakini inachelewa kuamka: uzoefu wangu wa miezi saba

Niliuza DSLR yangu (kamera yenye kioo ndani) nikachukua mirolesi, yaani kamera isiyo na hicho kioo, iliyotumika kwa duka moja hapo Luthuli, Nairobi, na kwa picha zenyewe sina neno, rangi ya ngozi inatoka safi hata jua likishazama. Kinachoniuma ni ule muda wa kuinua kamera mpaka ikubali kupiga.

Kulikuwa na harusi Karen, bibi harusi ndio anashuka kwa gari, shosho yake anakuja polepole na leso mkononi. Nilikuwa nimesimama na mama yake tukiongea kidogo tu, kumbe kamera imeshalala. Naweka jichoni, giza. Nabonyeza, bado giza. Ilipowaka shosho alikuwa ashamfunga leso mabegani na kugeuka, nikapata mgongo wake. Ile mikono ikifunga fundo haiko popote, na familia waliniulizia hiyo picha.

DSLR haikuwa inanifanyia hivi kwa sababu unachungulia kupitia kioo na lenzi, hata ikiwa imezimwa unaona mtu. Mirolesi lazima iamshe sensa (kile kidude cha ndani kinachonasa picha) na skrini kwanza ndio uone chochote.

Nikaamua kupima mwenyewe, simu yangu inarekodi fremu 240 kwa sekunde kwa hivyo nilirekodi kidole changu na kamera pamoja, mara kumi. Kutoka usingizini mpaka picha ya kwanza ni kama sekunde 1.8. Ikiwa imezimwa kabisa na ile zum yake inayojitokeza kwa mota, inapita 2. Lakini ikiwa macho na nimeshika fokasi kwa kubonyeza kitufe nusu, inapiga papo hapo, fremu chache tu za simu. Kwa hivyo shata, yaani ile sehemu inayopiga picha, haina makosa, watu wanachanganya kuamka na kupiga wanalaumu shata bure.

Na sekunde mbili si kidogo jamani. Nganya (matatu) ikishuka barabara ya Tom Mboya kwa kilomita 30 kwa saa inasonga mita 8 na kidogo kila sekunde, so kamera ikiamka gari liko mita 16 mbele na wewe unapiga taa za nyuma.

Nimebadilisha muda wa kulala kutoka dakika 1 hadi 10, betri nayo inaisha mbio, zamani mbili zilinitosha harusi nzima sai natembea na nne. Nimezima pia ile ya kusafisha sensa kila ikiwaka. Kadi ilikuwa imejaa picha za zamani nikaifomati ndani ya kamera, ikasaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni kidole, yaani mkono ukianza tu kutoka kiunoni nishabonyeza nusu, inaamka njiani kabla ifike jichoni. Ilinichukua wiki tatu kuzoea.

Kwa studio na potreti chukua bila wasiwasi. Kama kazi yako ni harusi au barabarani, pale dukani utapewa ikiwa imewaka tayari na itaonekana ni haraka sana. Iweke kwa kaunta, piga stori na muuzaji mpaka ilale, halafu uinyakue ujaribu kupiga mtu anayepita mlangoni.