Monita ya Zamani Haiwaki: Itengenezwe au Iachwe?

Karibuni jamani. Leo mezani sina kitu kipya. Nina monita bapa ya inchi 19, ya zile za katikati ya miaka ya 2000, kioo chake nukta 1280 kwa 1024, na inaugua ule ugonjwa mnaoniuliza kila mara: ukibonyeza swichi, haiwaki. Je, inafaa kuhangaika nayo? Kwangu mimi, mara nyingi inafaa, kwa sababu kinachokufa kwa kawaida ni vipuri vidogo kwenye bodi ya pawa. Kioo chenyewe huwa kizima.

Sogeeni muone hii taa ndogo pembeni ya swichi. Isome hiyo kabla hujashika bisibisi. Ikiwa imezimika kabisa, anza na umeme unaoingia. Chomoa waya wa nyuma, uurudishe mpaka uingie wote, halafu jaribu waya mwingine kwenye soketi ambayo una uhakika inafanya kazi. Kagua pia kama nyuma kuna swichi ya pili. Baadhi ya monita za umri huu zinayo, na mtu akiigusa wakati wa kufuta vumbi, atamtafuta mchawi bure.

Kama yako inatumia adapta ya nje, angalia maandishi yake. Nyingi ni za volti 12 au 19. Hapa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, inaweza kukudanganya. Adapta mbovu huonyesha volti kamili ikiwa haijabebeshwa kitu, halafu inaanguka mara monita inapoanza kuvuta umeme. Ni afadhali kujaribu adapta nyingine yenye volti zilezile, ampea sawa au zaidi, na ncha ambayo chanya na hasi zake zimekaa vilevile.

Taa ikiwa ya rangi ya chungwa, au inapepesa polepole, mara nyingi monita imelala tu. Chomoa waya wa video, uizime na kuiwasha. Ikikuletea maandishi kwamba hakuna ishara, basi bodi, taa za nyuma na kioo vyote vinafanya kazi. Kagua waya, kagua kompyuta, na hakikisha menyu haijachagua DVI wakati wewe umechomeka VGA, maana hizo ni njia mbili tofauti za kuingizia video. Usifungue chochote!

Sasa tuje kwa hii yangu, maana ndiyo yenye mambo. Naiwasha. Mmeona? Taa ya kijani, picha ikatokea, sekunde mbili, giza. Lakini taa bado ya kijani. Nazima taa za chumba, namulika kioo kwa tochi, kwa mshazari. Angalieni pale kwenye kona: aikoni zipo, hafifu sana, lakini zipo. Kwa hiyo picha inatengenezwa vizuri, kilichozimika ni mwanga wa nyuma yake. Monita hizi hazina LED nyuma ya kioo. Zina tyubu nyembamba zinazowashwa na inveta, yaani sakiti inayopandisha umeme, kwa volti mia kadhaa, na zaidi ya hapo wakati wa kuanza. Inveta ikihisi tyubu moja haivuti umeme inavyotakiwa, inajizima yenyewe ili isiungue. Hiyo ndiyo maana ya zile sekunde mbili.

Tyubu inaweza kuwa imechoka, au transfoma ya inveta imekatika. Lakini mimi huanza na kapasita, vile vipuri vya mfano wa kopo vinavyohifadhi umeme kwenye bodi, na ninawashauri mfanye hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko lilijaa kapasita zenye elektroliti mbovu, yaani kile kimiminika cha ndani, na hata zile nzuri hukauka zikiishi miaka ndani ya joto. Dalili yake ni hii: monita inakataa asubuhi ikiwa baridi, inapepesa, unaizima na kuiwasha mara kadhaa, halafu ikishapata joto inafanya kazi kutwa. Kapasita iliyokauka ina ukinzani mkubwa ndani yake, na ukinzani huo hupungua joto linapopanda. Ukiona tabia hiyo, usisubiri ife kabisa.

Kabla ya kufungua, chomoa waya wa umeme na uiache ikae. Ile kapasita kubwa, ya volti 400 au 450, inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Ipime, na usiguse bodi mpaka ishuke karibu na sifuri. Na kama monita yako ni ile nene yenye tyubu kubwa ya kioo, usiifungue kabisa. Ndani yake kuna zaidi ya volti 20,000, hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Haya, bodi hii hapa. Hizi mbili zimevimba kichwani, na hii imetoa ute wa kahawia chini. Hii ya nne inaonekana safi, lakini naibadilisha pia, kwa sababu kapasita inaweza kufa bila kuvimba. Unaponunua mbadala, mikrofaradi, yaani uwezo wake wa kuhifadhi umeme, zibaki zilezile, volti ziwe sawa au juu kidogo, joto nyuzi 105, na uombe zile za ukinzani mdogo zinazotengenezwa kwa ajili ya pawa saplai. Pima kipenyo na urefu pia, nafasi ni finyu humu. Mstari wa upande wa hasi ukae ulipokuwa. Ukigeuza, itapasuka.

Kama fyuzi ya bodi imekatika, usiweke mpya na kuwasha papo hapo. Fyuzi haikatiki bila sababu, pima kwanza daiodi na transista za upande wa umeme mkubwa. Na ikigundulika tyubu ndiyo iliyokufa, hapo mimi ninaiacha. Kuifikia ni lazima kioo kitenganishwe, na ndani ya tyubu kuna zebaki.

Nimebadilisha kapasita zote, narudisha kifuniko kwa skrubu mbili tu. Inawaka, dakika zinapita, haizimi. Sifungi skrubu zilizobaki leo. Inazimwa, inachomolewa, inapoa usiku kucha, na kesho nitaiwasha ikiwa baridi kabisa, maana ikiwa na joto hata mbovu inawaka.