Pompeii au Herculaneum: uende wapi?

Miji yote miwili ni ya kale ya Kirumi, huko Italia, na ilizikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Kwa ukubwa, Pompeii haina mpinzani: hekta 66 hivi, theluthi mbili zimeshafukuliwa, na magurudumu ya mikokoteni yameacha mifereji kwenye mawe ya barabara. Ila utashinda juani. Herculaneum utaimaliza kwa saa mbili tatu.

Kwa uhifadhi, moyo wangu uko Herculaneum. Joto liligeuza mbao kuwa makaa bila kuziteketeza, kwa hiyo mihimili na milango bado ipo. Ufukweni, kwenye vibanda vya mashua, ilikutwa mifupa ya watu zaidi ya 300 waliojibanza pamoja. Inauma.

Una siku nzima na miguu imara? Pompeii. Unaongozana na wazee au watoto? Herculaneum.