Balbu ya LED ya saa 15,000: uzoefu wangu wa miaka sita

Nilinunua balbu mbili za LED, wati 9, za aina moja, siku moja. Boksi liliandikwa "saa 15,000" na juu yake, kwa herufi kubwa zaidi, "miaka 13". Moja niliifunga juu ya meza ya kusomea, nyingine nje mlangoni. Ya mlangoni ilikufa baada ya miezi 20. Nilikasirika sana, nikaona nimetapeliwa. Sasa nipo mwaka wa sita na maoni yangu yamebadilika.

Miaka 13 hiyo hupatikana ukichukulia kwamba taa inawaka saa tatu tu kwa siku. Yangu ya mlangoni huwaka kuanzia jioni hadi alfajiri, saa 12 nzima. Kwa mwendo huo, saa 15,000 ni miaka mitatu na miezi mitano hivi, hata kama kila kitu kinakwenda sawa. Iliyokufa ilikuwa imewaka kama saa 7,300. Ya mezani, saa nne kwa siku, ndiyo kwanza inakaribia 8,800. Ukihesabu miaka, moja imekufa changa na nyingine imekula chumvi. Ukihesabu saa, hazijapishana sana. Ndugu msomaji, achana na miaka ya kwenye boksi. Chukua saa ugawe kwa matumizi yako.

Hata hivyo saa 7,300 ni nusu tu ya ahadi, na hilo lilinisumbua. Siku zake za mwisho balbu ile ilikuwa inapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Ukiizima ikapoa, inawaka vizuri dakika chache, halafu inaanza tena. Nikaitoa kwenye holda, nikabandua kofia yake nyeupe kwa kisu. Vidoa vya njano vinavyotoa mwanga vilikuwa vizima vyote. Ubovu ulikuwa kwenye kitako: plastiki imegeuka kahawia, na kapasita moja, yaani kijidude cha kutunza umeme kwa muda mfupi, ndogo kama punje ya haragwe, imevimba kichwa. Kapasita za namna hiyo zina majimaji ndani, na joto huyakausha. Mafundi wana kanuni yao: joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Nami nilikuwa nimeifungia balbu ndani ya tufe la kioo lisilo na tundu hata moja.

Kibaraza changu kina paa, mvua haifiki pale, kwa hiyo nilitoa tufe nikafunga balbu ya tatu ya aina ile ile ikiwa wazi. Hiyo imepita miaka minne na miezi kadhaa, zaidi ya saa 17,500, na haijapepesa hata siku moja.

Ila imefifia. Zamani nikirudi usiku niliona tundu la kitasa bila shida. Sasa napapasa kwa kidole kwanza. Hilo nalo limo ndani ya ile namba, ingawa boksi halisemi: kwa kawaida umri wa LED huhesabiwa hadi pale mwanga unaposhuka kufikia asilimia 70 ya ulivyokuwa mpya. Tena ni umri wa kundi, yaani muda ambao nusu ya balbu zinakuwa zimeshafika hapo. Ni kama tunaposema mbwa huishi miaka 10 hadi 13. Hujaambiwa lolote kuhusu mbwa wako.

Watu hupenda kuitaja balbu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu 1901, kama ushahidi kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara. Mimi naisoma tofauti. Mwanga wake ni hafifu sana, kama wa wati 4, na huzimwa kwa nadra mno. Waya wake haupati joto kali, ndiyo maana umedumu.

Naipa balbu hii nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu boksi halina hata mstari mmoja wa kuonya usiifunge mahali pasipopita hewa, na mstari huo ungeniokolea balbu nzima. Ya mlangoni naitoa wiki hii nifunge mpya. Ile ya zamani inakwenda stoo, ambako mwanga wake bado unatosha kutafuta ufagio.